Kuazima vitabu kwa mzee wa Kirumba: nenda na begi, haraka iache nyumbani

Mimi ni fundi cherehani, na kule mlimani nilipanda kwa ajili ya mapazia. Mzee alinipigia simu mwezi wa pili, akasema ana madirisha mawili na jua la saa tisa linamchomea vitabu. Nikadhani ni vitabu vya shule vya wajukuu. Nikabeba futi yangu ya kupimia na daftari, nikapanda zile ngazi za mawe za Kirumba, hapa Mwanza, ambazo ukizimaliza inabidi ukae kwanza, uhemee, ndipo ubishe hodi. Shikamoo, marahaba, karibu mwanangu, pita ndani. Nikapita. Madirisha nilikuja kuyapima saa kumi na moja, giza likianza kunitisha, na mkononi nilikuwa na vitabu viwili ambavyo sikuvitegemea.

Hiyo ni miaka mitatu iliyopita. Tangu hapo nimeazima kwake vitabu vinavyopita sitini, na kwa kuwa watu wananiuliza kila siku hivi vitabu kwenye meza yangu ya kazi navitoa wapi, acha niandike mara moja, mazuri na mabaya.

Chumba ni kimoja, kirefu, kimeegemea jabali kama nyumba nyingi za kule juu. Kuta tatu za tofali, ya nne ni jiwe lenyewe. Upande wa jiwe haweki kitabu hata kimoja, maana masika jiwe hutoka jasho. Shelfu ni mbao za mtumbwi uliochoka. Ukisogeza vitabu unaona bado matundu ya misumari na nyuzi za kalafati zimeng'ang'ania kwenye maungio. Miguu ya kila shelfu imesimama ndani ya kopo la maziwa ya unga lililotiwa oili chafu, ndiyo dawa yake ya mchwa, na nakiri inafanya kazi. Harufu ya humo ni oili, karatasi kuukuu, na upepo ukigeuka, dagaa wa Mwaloni, soko la samaki la pale chini. Ukiazima kitabu wakati wa msimu wa dagaa, usikiweke pamoja na kitambaa cha mteja. Nilishawahi kushonea bibi harusi vazi la sendofu likanirudi.

Mzee mwenyewe ni Mkerewe, alikuwa karani wa tiketi kwenye meli za Ziwa Victoria. Kaniomba nisitaje jina wala nyumba, na nimekubali. Waulize bodaboda wa pale chini, wanamjua kama mzee wa vitabu.

Kinachowachanganya wageni ni mpangilio. Usitafute alfabeti. Usitafute riwaya huku na historia kule. Yeye amepanga vitabu kwa njia vilivyomfikia, na ameandika kwa chaki kwenye ubao: TABORA ni vile vya ujana wake, alikosomea. MELI ni vilivyosahauliwa na abiria, au vilivyoachwa rehani kwa nauli iliyopungua na mwenyewe hakurudi kukomboa. MSHAHARA ni alivyonunua kwa fedha yake. VYA WATU ni maboksi yaliyoletwa na waliohama na wajane wasiojua wayapeleke wapi. Kwa hiyo kwenye MELI utakuta kitabu cha injini za dizeli kimeegemea katekisimu, katekisimu imeegemea Kufa na Kupona ya Musiba, na baada yake kitabu cha ufugaji wa nyuki ambacho kurasa zake zimeshikana kwa asali au kwa soda, sijui. Mara ya kwanza nilikasirika. Nilitaka hadithi ya upelelezi, nikajikuta nasoma habari za malkia wa nyuki nimesimama, mguu mmoja umekufa ganzi. Sasa sikasiriki tena. Dukani mjini ukiingia unaulizwa "unataka kitabu gani," na ukikosa jina la kutaja unauziwa maswali na majibu ya kidato cha nne. Kwa mzee huulizwi. Unaachwa.

Unaulizwa ukirudisha.

Anavua miwani, anashika kitabu, anasema: "Ulichokea wapi?" Hakuulizi umejifunza nini, wala kitabu kinahusu nini. Anataka namba ya ukurasa uliokuchosha. Ukisema hukuchoka, anaandika mstari mtupu. Ukisema ulichoka ukurasa wa 40, anafungua jalada la nyuma na kuandika kwa penseli, 40, na herufi ya kwanza ya jina lako. Kila kitabu mle ndani kina orodha hiyo. Hebu fikiria msaada wake: unakitoa kitabu kwenye shelfu, unakigeuza nyuma, unaona watu kumi na wawili waliokutangulia walianguka wapi. Kufa na Kupona, cha mwaka 1974, hakina namba hata moja, ni mistari mitupu kutoka juu hadi chini. Kila mtu alifika mwisho na Willy Gamba, mpelelezi wake. Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla kina watatu waliochoka mwanzoni kabisa, na wote, mzee anasema, ni vijana. Mimi nawasikitikia. Bwana Msa anakaa na kiko chake anafikiri, hapigi mtu ngumi, na kwa mtu anayekaa kutwa kwenye kiti cha cherehani huyo ndiye mpelelezi wa kuaminika. Willy ni wa Jumamosi jioni.

Halafu kuna Nagona ya Kezilahabi, ya mwaka 1990. Kitabu chembamba kuliko daftari la shule, na orodha ya nyuma imejaa hadi mzee kabandika karatasi ya nyongeza. 3, 3, 5, 3, 8, 4. Mimi nimo mara tatu. Mara ya kwanza 5, mara ya pili 9, mara ya tatu nilifika 14 nikajiona shujaa. Mzee anasema alikimaliza na hakuelewa, akakirudia na hakuelewa vizuri zaidi. Hayo ndiyo maneno yake, "sikuelewa vizuri zaidi," na aliyasema kwa furaha.

Kwa Kezilahabi yule yule, Rosa Mistika ni kinyume chake. Hakuna anayechoka. Nakala yake ni kuukuu, ya miaka ile ya sabini, na ilinifikia imegawanyika vipande vitatu na ukurasa mmoja umechanwa. Si kuchakaa: umechanwa kwa kufuata rula. Kitabu hiki kiliwahi kupigwa marufuku mashuleni, nami nikahisi mwalimu fulani alijichukulia sheria. Hadithi inaanzia Namagondo, Ukerewe, alikozaliwa mwandishi, na mzee anayajua mazingira yale kwa miguu. Nilipomuuliza ukurasa uliokosekana unasema nini alinisimulia, lakini alianza na barabara, akaendelea na nyumba ya nani ilikuwa upande gani, na hadi naondoka hatukuwa tumefika kwenye ukurasa wenyewe.

Kile kitabu nilikishona. Hii nieleze, kwa kuwa ndiyo kazi yangu. Gundi peke yake haisaidii kitabu kilichokwisha kupasuka mgongo; utakibandika leo, wiki ijayo kinacheka tena. Nilipanga kurasa, nikazibana katikati ya vibao viwili, nikatoboa matundu matano kwa shazia, ile sindano nene ya kushonea mikeka, kisha nikapitisha uzi wa nyavu kutoka Mwaloni, kwenda na kurudi, fundo ndani. Uzi wa cherehani hukata karatasi. Uzi wa nyavu umezoea kuvumilia. Juu yake kipande cha kaki kilichobaki kwenye sare za wanafunzi, gundi, jiwe juu, siku mbili. Mzee alikifungua, akakifunga, akakifungua tena karibu na sikio asikilize kama kinalia. Hakikulia. Tangu siku hiyo sitoi hela ya kuazima. Nalipa kwa kushona. Nadhani nimeshona robo ya shelfu ya TABORA, na ukikuta huko kitabu chenye mgongo wa kaki ya Bwiru au buluu ya sketi za sekondari, ni mkono wangu.

Kitabu kilichonikalisha kuliko vyote, lakini, si hadithi. Kipo shelfu ya VYA WATU, kwa Kiingereza, kinaitwa Darwin's Dreampond, kimeandikwa na Mholanzi, Tijs Goldschmidt, kikatoka kwa Kiholanzi 1994 na kwa Kiingereza miaka miwili baadaye. Kiingereza changu ni cha kidato cha nne na kimeota kutu, ningekipita. Ila nilikifungua nikaona neno "furu" limechapwa katikati ya Kiingereza, kisha "sangara," kisha Mwanza, na penseli ya mzee imejaa pembeni. Yule Mholanzi alikuwa mtafiti hapa kwetu, kwenye ghuba hii hii, akichunguza furu. Kwa wasiokula samaki tena: furu ni wale wadogo wenye miiba mingi, mama yangu alikuwa akiwakausha kwenye vijiti na kutukataza kuongea tukiwala. Kumbe hao tuliokuwa tunawaita furu tu, wote jina moja, ni mamia ya aina, kila aina na mdomo wake na chakula chake: huyu anakwangua majani ya mawe, huyu anavunja konokono, huyu anakula makinda ya wenzake. Halafu sangara, aliyepandikizwa ziwani miaka ya hamsini na sitini, akaja kujaa ghuba yetu miaka ya themanini, na aina nyingi za furu zikapotea kabla mtu hajamaliza kuzipa majina.

Mzee alinisomea sura nzima, anasoma sentensi kwa Kiingereza, anaitafsiri, anabisha. Anabisha sana. Pembeni ameandika "Kweli," ameandika "Huyu hakuulizwa mvuvi," na mahali pamoja, kwa penseli iliyokandamizwa hadi karatasi ikaingia ndani, "Tuliwala." Basi. Mimi nauziwa kichwa cha sangara cha supu pale chini kila Ijumaa na sikuwahi kujiuliza kabla yake palikuwa na nini. Namba yangu nyuma ya kile kitabu ni mstari mtupu, ingawa haki ya mstari ule ni yake.

Vya manufaa ya kila siku navyo vipo. Mahali Pasipo na Daktari ndicho kinachoazimwa kuliko vyote, kurasa za kuharisha na za uzazi zimegeuka rangi ya chai. Ni toleo la zamani, na hapo ndipo niliposhusha pumzi: kwenye ukurasa wa malaria mzee kabandika karatasi, "Klorokwini iliachwa 2001. Nenda zahanati ukapime." Si kila maktaba inamkanya msomaji wake. Atlasi, kwa upande mwingine, haikukanywa; humo Zaire bado ipo na Warusi bado wana Muungano wao, na mwanangu wa darasa la sita alinakili ramani hiyo kwenye kazi ya shule. Alama alizopata sitazisema.

Kuna pia kijitabu cha Mtu ni Afya, kampeni ya 1973. Nilimwazimia mama yangu, yuko Magu. Alikuwa kwenye vile vikundi vya kusikiliza redio, wakatoka hapo kila kaya ikachimba choo. Mama hajui kusoma vizuri, lakini picha zote alizikumbuka, na moja aliipinga: akasema choo chao hakikuwa kizuri kiasi hicho.

Shelfu ya MELI ina mwisho. Mzee huandika ndani ya jalada tarehe kitabu kilipomfikia, na ya mwisho kwenye shelfu ile ni Aprili 1996. Tarehe 21 ya mwezi uliofuata meli ya abiria, MV Bukoba, ilizama, Mwanza ikiwa inaonekana, na yeye akaacha kazi ya maji. Nilimuuliza mara moja. Akaniambia nimsogezee lile kopo la oili.

Sasa lawama, maana zipo.

Saa zake hazieleweki. Kwa maneno yake anafungua saa nane mchana hadi magharibi, Jumatatu hadi Jumamosi. Kwa ukweli wa magoti yangu, nimepanda zile ngazi mara tatu nikakuta kufuli, kaenda Nansio, Ukerewe, kwa ndugu zake, na ile simu yake ya kitochi imezimwa. Jirani anakwambia "karudi jana" halafu "anarudi kesho" ndani ya pumzi moja.

Kukaa ni shida. Kiti ni kimoja, chake. Wewe una kigoda, na wa tatu anakaa kwenye jiwe. Taa ni balbu moja katikati ya chumba, kwa hiyo shelfu ya VYA WATU baada ya saa kumi na mbili unasoma kwa tochi ya simu.

Wanawake walioandika ni wachache mno. Nilitafuta alasiri nzima. Nikampata Penina Muhando na tamthilia yake ya Hatia, ya 1972, imebanwa katikati ya vitabu viwili vya ushirika kiasi cha kutoonekana mgongo, na wengine wa kuhesabu kwa vidole. Nikamwambia. Akasema abiria hawakuvisahau. Nikamwambia shelfu ya MSHAHARA hakuisahau abiria. Alicheka, lakini wiki mbili baadaye Hatia ilikuwa imehamishiwa mbele, usawa wa macho, na mpaka leo hajanunua kingine.

Watoto hawana chao. Hekaya za Abunuwasi ipo, haina jalada, na haiazimwi. Mtoto aisomee pale pale, akae kwenye jiwe.

Vipya navyo haba. Kipya kuliko vyote nilichokiona ni Peponi, ile Paradise ya Abdulrazak Gurnah aliyoitafsiri Ida Hadjivayanis, ya 2022, kijana wake alimletea kutoka Dar. Kina mistari mitupu minne tayari, na mmoja aliyechoka 60. Mzee anamtania huyo wa 60 kila akipita.

Na hili la mwisho: faini hana, lakini ana mdomo. Ukichelewesha kitabu, jina lako linasomwa kwa sauti kwa kila anayekuja kuazima. Langu lilisomwa mbele ya mteja wangu mwenyewe, mama mmoja wa Pasiansi, ambaye mimi nilikuwa na blauzi yake wiki ya tatu. Hakusema neno. Aliniangalia tu, akachukua kitabu chake akashuka ngazi.

Mambo ya hela ni mepesi. Amana shilingi 5,000, unarudishiwa ukijitoa. Kitabu kimoja 500 kwa wiki mbili. Anaandika kwenye kaunta buku jina, kitabu, tarehe, na mahali unapofanyia kazi. Simu yako haitaki kuijua. Usimpelekee kitambulisho awe nacho rehani, anaudhika. Mpelekee matobolwa, vile viazi vitamu vya kukaushwa, hapo utaonyeshwa sanduku lililo chini ya kitanda, ambalo mimi nimeliona mara moja na nitaliandikia siku nyingine.

Kilichonishika sasa hivi kimetoka kwenye sanduku hilo. Ni kile cha Aniceti Kitereza, Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, na jina linaendelea hadi kwa watoto wao, linajaza jalada. Kitereza alikimaliza 1945 kwa Kikerewe, hakuna aliyekichapa, akakitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na kikatoka 1980 pale Tanzania Publishing House. Mwaka uliofuata akafariki. Ni kinene kama tofali la kuchoma. Watu wawili hawana mtoto, wakwe wanamchukua binti yao, mume anamfuata; ukisimulia hivyo imekwisha. Lakini yeye hasimulii hivyo. Mtu akifika mlangoni, utasoma maamkizi yote, na ya jirani yake, na kigoda kilivyosogezwa, na nani alikwenda kuchota maji. Mke wangu wa duka la pembeni, namwita hivyo kwa utani, alisoma kurasa tatu akaniuliza hawa watu wanafanya kazi saa ngapi. Nyuma kuna namba nyingi: 11, 20, 20, 34. Nilipokifikia mimi pembe zilikuwa zimeliwa na nondo na mgongo umeachia kabisa, na mzee alinikabidhi kwa mikono miwili.

Nimefika ukurasa wa 212. Pombe ya ndizi ya kuwapelekea wakwe ilishaiva zamani na mimi bado naisikia harufu yake. Kwa hiyo mkienda kwa mzee, hicho msikiulizie kwa sasa. Kiko kwangu mezani, chini ya mkasi na pasi ya mkaa iliyopoa, na gundi bado haijakauka.